Bendi ya kusisimua ubongo kwa umeme: naipa nyota 2 kati ya 5

Niliiagiza Marekani nikiwa hapa Hamburg, wakati najiandaa na mtihani wa Kijerumani. Jina la kampuni naliacha. Ni bendi ya kichwani yenye sponji mbili unazolowesha kwa maji ya chumvi. Ukiiwasha kwa simu, inapitisha mkondo wa hadi miliampea 2 kwa dakika 20.

Ngozi inawasha kama imepakwa pilipili. Sponji ikianza kukauka, inachoma. Bendi ikicheza na umeme ukakatika ghafla, unaona mmweko machoni. Na sisi wenye misuko tuna kazi ya ziada: sponji ya utosini haikugusa ngozi mpaka nikafumua misuko miwili na kutenganisha nywele kwa kitana. Aliyeibuni hakutuwaza kabisa.

Mtihani nilifaulu, lakini nilikuwa nasoma kila usiku na simu nimeifungia kabatini (naitoa kuwashia bendi tu), kwa hiyo sifa zote siwezi kuipa bendi.

Kilichonikera zaidi ni sanduku. Mbele limeahidi umakini na kumbukumbu. Nyuma, kwa herufi za sisimizi, linasema hiki si kifaa cha tiba. Ujanja huo una sababu. Kule Marekani, FDA, mamlaka ya chakula, dawa na vifaa tiba, huangalia muuzaji anakitangaza kifaa kwa kazi gani, hivyo asiyetaja ugonjwa hupata upenyo. Ulaya wameuziba: kanuni yao ya vifaa tiba, namba 2017/745, inavibana vifaa hivi hata visipouzwa kama tiba, na mwaka 2022 Tume ya Ulaya ikavipandisha hadi daraja la III, lile la hatari kubwa kuliko yote. Hilo nililijua mzigo ukiwa umeshafika.

Mwaka 2016 watafiti 39 waliweka saini barua ya wazi kwa wanaojitibu na kujinoa akili wenyewe nyumbani kwa umeme wa aina hii, katika jarida la Annals of Neurology. Walisema mkondo haubaki chini ya sponji tu, na kwamba kunoa uwezo mmoja kunaweza kudhoofisha mwingine. Kwenye kijitabu cha maelekezo hakuna hata mstari mmoja wa hayo.

Mpwa wangu wa miaka 15 aliitaka kwa ajili ya gemu. Programu ingemruhusu: umri inauliza kwa kisanduku cha kuweka tiki, basi. Nimemkatalia.

Nyota moja ni ya betri, inakaa na chaji. Ya pili ni ya swichi ya kuzima, iko mahali pazuri.