Maiki zisizo na waya za Kariakoo: uzoefu wangu, na ndafu ambayo haikuwa yetu

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya boksi, maana boksi ni gumu na lina sponji nzuri ndani, mama watoto ameshaliomba. Mambo ya inafika mita ngapi sitayasema, yameandikwa juu ya boksi kwa herufi kubwa na kila mwenye macho atasoma. Mimi nataka kuzungumzia ndafu.

Nina mitambo midogo ya kukodisha hapa Dar: spika mbili, besi mbili, miksa, na maiki za waya nilizozitumia miaka na miaka. Maiki ya waya haina maringo. Ukiichomeka inaongea. Lakini siku hizi kamati ya harusi ikija kukuona, swali la kwanza wala si bei, ni "una zisizo na waya?" MC anataka apite katikati ya meza, akamtanie shangazi kule nyuma, arudi. Basi nikakubali yaishe. Siku zile masika yamekazana nikaenda Kariakoo nikanunua seti: maiki mbili za kushika mkononi na risiva yake, yaani kile kisanduku kinachoipokea sauti, yenye antena mbili. Laki mbili na nusu baada ya kubishana sana. Kijana wa duka alikuwa anakula chipsi mayai. Akachomeka kwa dakika moja, akapuliza "huu, huu", ikasikika, akafunga boksi. Hayo ndiyo mafunzo niliyopewa.

Wiki tatu hivi mambo yalikwenda, sikatai. Ibada moja, kikao cha kikundi cha akina mama, msiba mmoja. Sauti ilikuwa safi kuliko nilivyotegemea kwa bei ile. Nilishaanza kujisifu.

Ikaja sendoff ya binti wa shemeji yangu. Ukumbi ulikuwa wa zile kumbi pacha zinazogawana ukuta: huku sisi, kule watu wengine na sherehe yao, harufu ya pilau ni moja. MC wetu alikwenda vizuri hadi saa tatu usiku. Ikafika zamu ya baba mzazi kutoa nasaha. Ukumbi kimya. Shemeji si msemaji, alikuwa ameandika kwenye karatasi na mkono unatetemeka. Akasema, "Mwanangu, leo unatoka nyumbani kwangu. Huko unakokwenda, mume wako ndiye..."

Ikakata. Sekunde moja, mbili. Halafu spika zangu mwenyewe, kwa sauti nzito ya mtu nisiyemjua, zikanguruma: "NDAFUUU! NDAFU IINGIEEE!"

DJ wangu ni kijana mtiifu kupita kiasi, akaweka wimbo. Wahudumu wakaanza kutazamana, maana kwenye bajeti yetu hapakuwa na ndafu, hata mguu wake. Mama mmoja wa meza ya mbele alishasimama anajifunga khanga aende kuipokea. Shemeji yuko pale pale na karatasi yake, mdomo unakwenda na hakuna kinachotoka, kisha inatoka nusu sentensi, kisha yule jamaa anarudi: "Aliyeichoma yuko wapi, tumpigie makofi!" Watu wakapiga makofi kweli. Nikaizima risiva, nikamkimbizia shemeji maiki ya waya. Waya ukaishia meza ya tatu. Ikabidi baba mzazi aufuate waya, anavutwa kama mbuzi wa kamba, amalizie nasaha akiwa amesimama kati ya kreti za soda. Mpaka leo akinipigia simu hasemi jina langu. Anasema, "Ndafu, vipi?"

Jumatatu nikabeba boksi mpaka dukani. Kijana yule yule, safari hii na simu mkononi. Nikamwambia maiki inakata halafu inaleta watu wengine. Hakuinua macho.

"Alishika wapi?"

"Nani?"

"Huyo aliyekuwa anaongea. Alishika katikati au mkiani?"

Nikamwonyesha. Nikaikamata chini kabisa, ngumi nzima, vile vile shemeji alivyoishika. Ndipo akainua macho, na hakunitazama mimi, aliwatazama kwanza wateja wengine. Halafu akasema, "Mzee wangu, maiki sio tochi."

Wakacheka wote. Hata fundi wa redio wa duka la pili, ambaye hakuna aliyemwita, alicheka. Mimi nimeanza kuunganisha spika kijana huyu hajazaliwa. Nikaomba anibadilishie. Akaninyooshea kidole ukutani, palipobandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Sijawahi kuteremka ngazi za duka na hasira namna ile. Kwenye daladala nzima nilikuwa natunga majibu ambayo ningempa.

Sasa niseme kinachoniuma. Nilifika nyumbani nikiwa na nia ya kumthibitishia kwamba ni mwongo. Nikaweka risiva sebuleni, mama watoto akachukua maiki akatoka nje akihesabu. Akishika katikati: moja, mbili, tatu, mpaka getini, mpaka genge la jirani, sauti haijayumba. Akishika mkiani kwa ngumi: kwenye tangi la maji tu, kwisha. Tukarudia mara nne, majirani wakadhani tumeokoka. Kila mara ni pale pale kwenye tangi. Antena ya maiki imefichwa mkiani, ndani ya ile plastiki. Mkono wa mtu ni nyama na maji, unayameza mawimbi kabla hayajaenda popote. Kijana alikuwa sahihi.

Kwa hiyo tuseme nyota tatu? Hapana, subiri. Kama alilijua hilo, siku naweka laki mbili na nusu juu ya kaunta alishindwa nini kusema, "mzee, usiishike huku"? Maneno matatu. Chipsi zingepoa? Na karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ina herufi za sisimizi, Kichina upande mmoja na Kiingereza cha kubahatisha upande wa pili, na hakuna mstari hata mmoja unaosema mkono ukae wapi. Mbili.

Halafu tochi inaeleza kukata, haielezi ndafu. Yule mtu alitoka wapi?

Hilo nililipata kwa rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi ya mitambo kwenye kituo cha redio. Aligeuza risiva juu chini akanionyesha kibandiko: namba mbili za megahezi, yaani masafa ya redio ambayo maiki inarushia sauti, moja kwa kila maiki, hazibadilishiki. Zimechongwa hapo kama namba ya nyumba. Ukumbi wa pili bila shaka walikuwa na seti kama yangu, namba zile zile. Na maiki hizi zinasafirisha sauti kwa mtindo wa redio ya FM, ambayo ina tabia moja: sauti mbili zikikutana kwenye masafa mamoja, risiva haikupi mchanganyiko wa watu wawili wanaobishana. Inamchukua mwenye nguvu, mwingine inamnyamazisha. Muda wote MC wetu anaongea, yule jirani alikuwepo humo humo, chini yake, hasikiki. Shemeji alipoikamata mkiani, nguvu yetu ikashuka, jirani akapanda juu na ndafu yake. Nikauliza, je risiva haiwezi kuitambua maiki yake? Akasema nyingi zinaweza, maiki hutuma mlio mwembamba ambao sikio halisikii, na risiva bila kuusikia mlio ule haifungui mlango. Lakini jirani akiwa na toleo lile lile, mlio ni ule ule. Ni kama kufuli za duka moja zilizotoka na ufunguo mmoja.

Kuna na hizo antena mbili. Nilinunua nikiamini zinasaidiana. Kwenye risiva za maana ndivyo, zote mbili zinaisikiliza maiki moja, inayopata vizuri zaidi ndiyo inayotumika, kwa hiyo mtu akipita mbele ya moja, ya pili inaokoa. Kwenye hii yangu nilifungua antena moja: maiki moja ikafa baada ya hatua chache, ya pili wala haikujua kama kuna msiba. Kila antena na maiki yake. Mapambo, kwa lugha nyingine.

Rafiki yangu akanisomea na kibandiko cha maiki ya pili, kinaanza na 74, yaani megahezi mia saba arobaini na kitu. Masafa ya kuanzia megahezi 694 hadi 790 kwa Afrika na Ulaya yalishapangiwa simu za mkononi, mkutano wa Geneva wa 2015 wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ndio uliokamilisha. Marekani walizizuia maiki kwenye masafa ya megahezi 700 tangu Juni 2010. Sisi tunauziwa kwenye boksi zuri lenye sponji. Hapo nilirudi kwenye nyota moja, na sikuwa na mpango wa kutoka.

Ila lazima niwe mkweli, risiva siku ile niliiweka wapi? Chini ya meza ya DJ, nyuma ya spika, ubavuni mwa ile skrini kubwa ya LED. Skrini zile zenyewe zinamwaga makelele ya redio, na mbele yake kulikuwa na watu mia mbili wa nyama na maji. Rafiki yangu alinitazama kama daktari anavyomtazama mtu aliyekunywa dawa ya mifugo. Risiva inatakiwa ikae juu ya vichwa vya watu, iione maiki, antena zimekaa mkao wa V. Tangu nimeipandisha kwenye stendi, hata seti hii mbovu inakata mara chache mno. Hili ni kosa langu, na ningelisema kwa sauti kubwa kama yule kijana asingecheka. Betri za kwenye boksi nazo mtupe, nunueni alkalaini.

Nikarudi Kariakoo, sasa nina maneno. Nikasema nataka seti yenye namba tofauti na hizi. Kijana akashusha boksi tatu. Namba zile zile, zote. "Kontena moja," akasema, bila aibu. Maana yake nusu ya kumbi za jiji hili zinasubiri ndafu ya mtu. Nikaanza kupandisha sauti, na safari hii sikucheka na mtu. Mama mwenye duka akatoka nyuma, akasikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Baba, hii ni ya kazi za kanisani kwenye kijiji. Wewe unafanya kumbi." Akaelekeza rafu ya juu. Seti unayoweza kubadilisha masafa. Laki nne na nusu, ila angenipunguzia thelathini.

Nimenunua. Ndiyo, duka lile lile. Msiniulize.

Na kijana, sijui mama alimwambia nini kule nyuma, alinawa mikono akakaa na mimi kama dakika ishirini. Uzime maiki zote kwanza. Uiache risiva itafute yenyewe mahali palipo kimya. Uwashe maiki ya kwanza, uielekeze kwenye kijicho cheusi kama cha rimoti ya televisheni, ipokee namba yake. Ndipo ya pili, na namba yake isikae karibu sana na ya kwanza, kwa sababu mbili zikibanana zinazaa milio yao. Ufanye hivyo ukumbini, saa ile ile ya shughuli, sio nyumbani. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, bora kuliko watu waliolipwa kufundisha. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi. Alikuwa nayo yote kichwani tangu siku ya chipsi. Hakuniomba radhi, na mimi sikumwambia kwamba tulipima mpaka kwenye tangi la maji.

Kwa hiyo seti ya kwanza nyota moja, labda mbili ukiwa shule ya kijijini na hakuna jirani. Ya pili nne. Duka halipati nyota. Au basi, mama nampa tano.

Ya pili imeshapita harusi sita au saba, haijaleta mgeni hata mmoja. Nimeizungushia tepu nyekundu mkiani ili watu wasishike pale, na nimegundua tepu nyekundu inawavutia washike pale pale. Juzi kwenye kitchen party shangazi wa bibi harusi alipewa maiki, akaikamata chini kabisa, ngumi nzima, sauti ikaanza kuyumba. Nikajisikia mwenyewe nikipaza sauti kutoka kwenye miksa, "Shangazi, maiki sio tochi!"

Akanyamaza. Akaitazama ile maiki, akaupandisha mkono mpaka katikati, akaisogeza mdomoni. Ikatoka safi, kila spika, kila kona ya ukumbi:

"Nani kamleta huyu?"