Nyama ya moshi ya kubeba: tunafungua boksi, tujue kosa ni la nani

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani leo tuna oda nzima ya nyama iliyookwa kwa moshi, ile ya kufungashiwa ukale nyumbani: nusu kuku, vipande vya kidari cha ng'ombe, mbavu, na vikopo viwili vya sosi. Imetoka jikoni nusu saa iliyopita, na hiyo nusu saa ndiyo tunayoichunguza. Wateja wa migahawa ya namna hii wanalalamika yaleyale: kuku ana ngozi kama mpira, nyama kavu, nyama mbichi, uzito haujatimia, imeisha mapema. Mengine ni haki yao kabisa. Mengine mpishi anaonewa bure.

Kuku kwanza. Nafungua mfuniko, angalieni upande wake wa ndani: matone yamejipanga kama jasho. Hayo ni maji yaliyotoka kwenye nyama kama mvuke, yakagonga mfuniko, yakarudi kudondokea ngozi. Ngozi hukauka kwa moto, na ukiifungia na mvuke inalainika ndani ya dakika chache, hata angekuwa amempika bingwa. Kwa hiyo mgahawa makini hutumia boksi lenye matundu au hufunga kwa karatasi inayopumua. Foili iliyokazwa pande zote ni adui wa ngozi. Ukipewa boksi lisilo na matundu, liachie mfuniko kidogo njiani, na ukifika weka kuku kwenye oveni ya nyuzi 220 kwa dakika tano hadi nane, ngozi ikiwa juu. Maikrowevu itakuongezea mvuke tu.

Lakini kuna mpira mwingine ambao ni kosa la jiko. Sogea karibu na kamera: nainua ngozi kwa uma. Ni nyembamba, na chini yake mafuta yameyeyuka yote. Huyu ameharibiwa na boksi. Mngeona tabaka nene la mafuta meupe limebaki chini ya ngozi, ina maana kuku aliokwa kwa moto mdogo mwanzo hadi mwisho, hakupata moto mkali wa kuyeyusha mafuta. Hapo lalamika.

Sasa kidari, na hapa tukae kidogo maana ndipo pesa nyingi ya mteja inapokwenda. Chukua kipande, kitundike juu ya kidole. Kizuri kinainama pande zote mbili bila kukatika, na ukikivuta taratibu kinaachia. Kikimeng'enyeka chenyewe, kimepitiliza. Kikivutika na kurudi kama rababendi, hakijaiva vya kutosha. Watu wengi hukosea hapa: wakikuta kidari kigumu wanasema kimepikwa sana, kumbe mara nyingi kimetolewa mapema. Kidari kina kolajeni nyingi, yaani ile protini ngumu inayoshikanisha misuli, na hiyo haigeuki kuwa jelatini laini mpaka ikae kwenye joto kwa saa kadhaa. Wapishi wengi hukitoa katikati yake ikiwa imefika nyuzi 93 hadi 96, kisha wanakipumzisha saa nzima au zaidi kabla ya kukata.

Ukavu ni suala jingine, na kwa oda ya kubeba chanzo kikubwa ni kisu. Kipande kilichokatwa kinapoteza maji na joto kila upande; baada ya dakika kumi tu rangi imefifia na kingo zimekauka. Kama utakula baada ya zaidi ya nusu saa, omba usikatiwe. Chukua pande zima, ukate mwenyewe mezani, unene wa penseli, ukikatiza nyuzinyuzi za nyama. Angalia vizuri: kidari ni misuli miwili iliyolaliana na nyuzinyuzi zake hazielekei upande mmoja, kwa hiyo ukifika kwenye sehemu yenye mafuta mengi, geuza pande ndipo uendelee. Na kama unajua utapasha moto baadaye, omba sehemu hiyo yenye mafuta. Ile isiyo na mafuta haivumilii kupashwa.

Tazameni na huu mstari wa rangi ya waridi chini ya ukoko. Mteja akiuona anasema nyama mbichi. Si ubichi. Gesi zilizomo kwenye moshi zinashikana na mayoglobini, protini inayoipa nyama wekundu wake, na kuibakiza rangi hiyo hata ikiwa imeiva kabisa. Kwa kuku pia unaweza kuona uwaridi karibu na mfupa. Usihukumu kwa macho: choma kipimajoto kwenye paja, sehemu nene, bila kugusa mfupa. Akiwa amefika nyuzi 74, kula. Hajafika, mrudishe, wala usione haya.

Kuhusu uzito: kidari kikipunguzwa mafuta na kuokwa hupoteza kati ya theluthi moja na nusu ya uzito wake. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: bei ni ya uzito mbichi au uliopikwa? Mgahawa usioweza kujibu hilo waziwazi, mimi siuamini.

Na kuisha mapema? Kidari kizima kinakaa motoni saa kumi hadi kumi na nne. Hakiwezi kuongezwa mchana kwa sababu foleni imekuwa ndefu, na afadhali waseme kimeisha kuliko wakuuzie cha jana. Kosa ni kupokea oda na malipo, halafu wakuambie hakuna ukiwa umeshafika dirishani.

Sosi iombwe kando, kila mara. Ikimwagwa juu inalowesha ukoko, tena inaficha kasoro. Onja nyama tupu kwanza. Hii ina ladha safi ya kuni. Ukisikia uchungu unaoganda kwenye ulimi kama masizi, moto ulikosa hewa au kuni zilikuwa mbichi, ukatoa moshi mweupe mzito. Hakuna sosi ya kurekebisha hilo.

Muda nao usiuchezee. Nyama iliyopoa chini ya nyuzi 60 isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kama hewa imepita nyuzi 32, saa moja tu. Kupasha: iweke kwenye foili na vijiko viwili vya mchuzi, oveni nyuzi 120, mpaka katikati ifike 74.

Tumalize na mbavu. Nashika ubavu mmoja mzima kwa koleo, upande mmoja tu. Unainama, ukoko unapasuka kidogo juu, nyama imejivuta na kuacha ncha za mifupa wazi. Nang'ata: nyama imeachia pale nilipong'ata tu, kwingineko imebaki kwenye mfupa. Wapo wanaozipenda zikidondoka zenyewe, na ni haki yao, ila hizo zimekaa motoni kupita kiasi na zikifika nyumbani huwa rojo ndani ya boksi. Ukizitaka laini hivyo, mwambie mpishi unapoagiza, na uombe zifungwe kwenye boksi lake peke yake, mbali na kuku.