Mtaalamu wa afya ya akili Marekani: ndani au nje ya mtandao wa bima?

Ndani ya mtandao, yaani kwa wataalamu wenye mkataba na bima yako, kwa kawaida unachangia kiasi kidogo kila kikao, na mtaalamu mwenyewe anaidai bima. Tatizo ni orodha ya wataalamu hao: wapo waliohama, waliojaa, walioacha kupokea bima hiyo. Piga namba iliyo nyuma ya kadi ya bima, kisha piga kliniki na utaje jina kamili la mpango wako, si kampuni tu: “Mnaupokea? Mna nafasi kwa mgonjwa mpya?” Andika tarehe na jina la aliyekujibu. Ukikosa mtu, iombe bima ikuruhusu kwenda nje ya mtandao kwa malipo ya ndani ya mtandao. Wengi hawajui kwamba hilo linaombeka.

Nje ya mtandao uchaguzi ni mpana, ila unatanguliza pesa. PPO (mpango unaokuruhusu kutoka nje ya mtandao) mara nyingi hurudisha sehemu. HMO (mpango unaokubana ndani ya mtandao) kwa kawaida hairudishi. Dai risiti yenye msimbo wa ugonjwa (mfano F41.1, ugonjwa wa wasiwasi) na wa huduma (90837, kikao cha dakika 60). Mmoja ukikosekana, dai hukataliwa. Tena bima hukokotoa kwa kiwango chake: umelipa dola 200, wao wanatambua 120, wanarudisha asilimia 60, unapata 72, na hiyo ni baada ya kumaliza kiasi cha mwaka unachojilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa.