Redio ya Neno ya sola: mwaka mmoja na bibi zangu wa Jumatano

Redio hii nimekaa nayo mwaka mmoja na miezi miwili, kiangazi na mvua, kwa hiyo ninayosema si ya dukani. Ni kiboksi kidogo, kama nusu mche wa sabuni. Mgongoni kuna paneli ya sola, mbele spika, ndani memori kadi yenye Agano Jipya lote kwa Kiswahili, vitabu 27, sura 260, katika Union Version, tafsiri iliyotulea wengi wetu. Boksi lake halina jina la kampuni. Nilinunua mbili mjini, shilingi 60,000 kila moja: ya kwanza kwa sadaka ya jumuiya, ya pili kwa hela ya alizeti yangu.

Mimi ni mwinjilisti wa mtaa wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), huku Iramba mkoani Singida. Kazi yangu ni ya miguu. Jumatano saa kumi jioni hukusanyika bibi kumi na mmoja chini ya mwembe, siku nyingine kumi na wanne. Wanaojua kusoma ni wawili tu, na macho ya hao wawili yamechoka. Mmoja haoni kabisa. Watatu hawajawahi kubatizwa. Wanakuja kwa sababu wenzao wanakuja, na ninawapokea hivyo hivyo.

Kabla ya redio nilikuwa nawasomea mwenyewe. Kusema kweli nilikuwa nawahubiria: aya mbili za kusoma, dakika arobaini za maneno yangu. Walinisikiliza kwa heshima, wakaitikia amina, wakaenda kupika. Kwa miaka sita hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali. Nilidhani wameelewa.

Nianze na umeme, maana ndio watu wengi wananiuliza. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi sola inatosha kabisa. Ukiianika juani asubuhi mpaka mchana, unapata vikao viwili vya nusu saa bila wasiwasi. Mwezi wa kwanza na wa pili, mawingu yanaposhika wiki nzima, inazimika katikati ya sura. Ina tundu la chaja ya simu, basi nyakati hizo naipeleka kwa jirani mwenye sola ya nyumbani. Betri ya mwanzo ilivimba mwezi wa nane. Nilihuzunika nikijua imekufa, kumbe betri yenyewe ni BL-5C, ile ya simu za kitochi, na fundi simu wa gulioni alinipa nyingine kwa shilingi 5,000. Ukienda kununua, fungua mgongo uangalie betri. Kama imechomelewa ndani na haitoki, iache.

Memori kadi nayo inatoka kirahisi, na hapo pana shida. Mjukuu wa bibi mmoja aliichomoa akaweka nyimbo zake. Hakuwa na nia mbaya, na kadi aliirudisha baada ya siku tatu, lakini tulikaa Jumatano nzima bila kusikiliza. Sasa nimefunika tundu kwa gundi ya karatasi.

Sauti inatosha watu wanane waliokaa karibu. Wakizidi, ukipandisha mpaka mwisho inapasuka. Tumepata njia: tunaiweka ndani ya ndoo tupu ya lita kumi, mdomo umeelekea kwa watu, na sauti inajaa vizuri hata upepo ukivuma. Kinachonisumbua zaidi ni muziki. Waliorekodi walitumia sauti za watu wengi, kila mhusika na sauti yake, na nyuma wameweka ngoma, mawimbi, vilio. Vijana wanaipenda. Kwa masikio ya miaka themanini muziki unameza maneno. Dhoruba ya Marko sura ya 4 tuliirudia mara tatu, na bado bibi mmoja akasema amesikia maji tu. Ukiwa na wazee, tafuta rekodi ya msomaji mmoja asiye na muziki.

Vitufe viko vitano na vyote vinafanana ukivipapasa. Kwa bibi asiyeona nilikata kipande cha plasta nikabandika kwenye kitufe cha kuwasha na kusimamisha. Tangu siku hiyo redio ni ya kwake. Anaishika mapajani, hakuna anayemnyang'anya.

Sasa kasoro kubwa. Redio hii haikumbuki ilipoishia. Kila ukiizima na kuiwasha inarudi mwanzo kabisa, Mathayo sura ya 1: kitabu cha ukoo wa Yesu Kristo, mwana wa Daudi, mwana wa Ibrahimu. Ni lazima ubonyeze kwenda mbele, kitabu kwa kitabu, sura kwa sura, na kwa sababu bibi anabonyeza taratibu, kila Jumatano tulisikia majina kabla ya kufika tulikokusudia. Mwezi wa kwanza nilikaribia kuirudisha dukani. Mimi mwenyewe katika mahubiri yangu yote sijawahi kusoma orodha ile mbele ya watu. Niliona ni majina magumu, yatawachosha.

Wiki ya tano au ya sita, bibi wa plasta akasimamisha. Kimya. Akasema, "Mwinjilisti, huyu Tamari ni nani? Mbona wanataja baba, baba, baba, halafu ghafla mama?"

Lazima nieleze kwamba huku kwetu zamani ukoo ulihesabiwa upande wa mama. Bibi hawa wakikutana na mgeni wanataka kujua mama yake katoka wapi kabla hawajampa kigoda. Kwao ile si orodha ya kurukwa. Walikuwa wanaisikiliza kama watu wanaosikiliza posa, wiki baada ya wiki, mimi nikidhani wanasubiri ipite. Wengine wakadakia: na Rahabu? Na Ruthu? Na yule mke wa Uria, kwa nini hakutajwa jina lake mwenyewe?

Redio haina Agano la Kale, kwa hiyo habari yenyewe ya Tamari haimo. Nilitoa Biblia yangu mkobani nikafungua Mwanzo 38, nikawasomea, nikawaelezea kwa Kinyiramba pale Kiswahili kilipokuwa kizito. Mjane aliyefiwa na waume wawili ndugu, akaambiwa na mkwewe Yuda akae kwa baba yake asubiri yule wa tatu akue. Akasubiri, kijana akakua, hakupewa. Akajifunika ushungi akakaa njiani, Yuda asimtambue. Alipoonekana ana mimba wakataka kumchoma moto, naye akatoa muhuri, kamba na fimbo, akasema mwenye vitu hivi ndiye aliyenipa mimba. Na Yuda akakiri kwamba mwanamke huyu ana haki kuliko yeye.

Hakuna aliyesema amina. Wapo pale waliofiwa na waume na kugombewa kama shamba. Mmoja wa wale watatu wasiobatizwa ndiye aliyeongea kwanza. "Na huyu wamemwandika?"

"Wamemwandika, bibi."

"Kwenye ukoo wa Yesu mwenyewe?"

"Kwenye ukoo wa Yesu mwenyewe."

Akaniomba nirudie pale anapotajwa. Tukawasha redio tena, na kwa mara ya kwanza nikafurahi kwamba inaanzia mwanzo.

Toka hapo nimebadilika. Matendo sura ya 8 nimeihubiri mara nyingi, Filipo na yule mtu wa Ethiopia aliyekuwa garini akirudi kutoka Yerusalemu. Nilikuwa naishia kwenye ubatizo. Sikuwa nimetazama kwamba Filipo alisikia kwanza, yule mtu alikuwa anasoma kwa sauti, kisha Filipo akauliza swali, na alipokaribishwa garini akaanza na andiko lile lile alilolikuta. Hakuja na lake. Nilipoitwa kwenye kazi hii nikiwa binti nilielewa kuwa nimeitwa kusema. Kumbe sehemu kubwa ni kukaa chini ya mwembe mpaka mtu asimamishe redio mwenyewe.

Siyo kwamba maswali yote ninayaweza. Kuna bibi aliyesikia Mathayo akisema vizazi kumi na vinne mara tatu, akaja na punje za mahindi kuvihesabu. Fungu la mwisho likatoka kumi na tatu. "Mwinjilisti, hapa pamepungua mtu." Nilihesabu naye, ni kweli. Nikamwambia sijui, nitamuuliza mchungaji. Mchungaji akasema wapo wanaomhesabu Yekonia mara mbili, mwisho wa fungu la pili na mwanzo wa la tatu. Nikampelekea jibu hilo. Akalifikiria, akaongeza punje moja, akasema haya, tuendelee. Nadhani alinithamini zaidi kwa lile "sijui".

Kwa anayetaka kununua: kwa kikundi cha wazee kijijini inafaa, hata kwa bei hiyo. Kwa mkutano wa hadhara haifai. Na nawasihi wainjilisti wenzangu, msiifunge kwenye kipaza sauti mkaielekeza kwa majirani. Nimeulizwa hilo na vijana wa kwaya, nikakataa. Pembeni yetu kuna familia ya Kiislamu, tunakopeshana chumvi na tunazikana. Wakitaka kusikiliza mwembe wanaujua, na mama wa nyumba ile amekuja mara mbili na kigoda chake. Ukiipata yenye Biblia nzima, ongeza hela uichukue, maana watu wakishaonja majina yale watataka Mwanzo, na Ruthu, na Daudi.

Bibi aliyeuliza kama Tamari kaandikwa yuko sasa darasa la ubatizo. Redio ya pili nimempa yeye, inakaa nyumbani kwake.

Wiki iliyopita nilipita kwake kumwona, nikakuta kuna binti wa jirani amekaa mkekani na mtoto mchanga. Mtoto hana baba anayejitokeza, na nyumbani kwao maneno yamekuwa mengi. Bibi hakunitambulisha kama mwinjilisti wala hakuniomba niseme neno. Alinipa kigoda, akawasha redio, majina yakaanza. Isaka. Yakobo. Yuda. Akabonyeza, akamgeukia binti, akaanza kumsimulia kwa Kinyiramba. Nikanyamaza, nikapokea mtoto nimshike.