Panzi wa sola: nimemuunganisha mwenyewe, na yaliyonikuta ni haya

Siku panzi wangu, kiroboti kidogo kinachotumia jua, aliporuka kwa mara ya kwanza, aliruka kama sentimita mbili, akagonga soli ya kandambili, akatulia. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akadhani nimeona nyoka. Mpwa wangu alikuja mbio, akachuchumaa, akamtazama weee.

"Anko, ndiyo hivyo tu?"

"Subiri. Anakula kwanza."

Alikuwa anakula jua. Tulihesabu mpaka sita, taa yake nyekundu ikakonyeza, mota ikalia "nzii!" na akasogea tena. Toka hapo binti hakuondoka barazani mpaka jua lilipozama.

Boksi lenyewe la vipande vya kumuunda niliagiza mtandaoni, Sh 48,000 pamoja na usafiri, na mzigo ulifika Dar baada ya wiki tano. Ndani kuna kipaneli cha sola kidogo kuliko kiberiti, mota moja, kapasita (kitunza umeme) ya mikrofaradi 4700, transista mbili (swichi ndogo zinazofunguliwa kwa umeme), rezista (kizuia umeme) ya kilo-omu 2.2 na taa ya LED ya aina ile inayowaka na kuzima yenyewe. Basi. Hakuna chipu ya kompyuta, hakuna programu, hata betri hakuna. Kwa mtu aliyezoea kusikia kwamba roboti lazima uiandikie programu, unaweza kuhisi umeibiwa.

Hujaibiwa. Ujanja uko kwenye mpangilio. Kipaneli kina umeme mdogo mno, hauwezi kuzungusha mota moja kwa moja, kwa hiyo unawekwa akiba kwenye kapasita tone kwa tone. Volti zikikaribia 3, ile taa inakonyeza, na konyezo hilo ndilo linalofungua transista ya kwanza. Ya kwanza inafungua ya pili, ya pili inairudishia ya kwanza kupitia rezista ili isijifunge, na akiba yote inamwagika kwenye mota kwa mkupuo. Volti zikishuka karibu na 1, transista zinajifunga, panzi anaanza kula upya. Mpwa wangu aliponiuliza ubongo uko wapi, nilimwonyesha transista mbili. Hakuamini, na simlaumu.

Mtu aliyeupa mtindo huu wa roboti zisizo na kompyuta jina ni Mark Tilden, Mkanada, ambaye baadaye alifanya kazi kwenye maabara ya Los Alamos kule Marekani. Aliuita BEAM, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza ya biolojia, elektroniki, umaridadi na mekanika. Ukimkumbuka yule roboti wa kuchezea Robosapien aliyetoka 2004, naye ni kazi yake. Kabla yake, mwishoni mwa miaka ya 1940, William Grey Walter kule Bristol, Uingereza, alishatengeneza kobe wa magurudumu waliofuata mwanga, na kila mmoja ubongo wake ulikuwa vali mbili tu, zile taa za kioo za redio za zamani.

Sasa malalamiko yangu. Mchoro kwenye karatasi ulionyesha transista 2N3904 na 2N3906. Kwenye mfuko nilikuta BC547 na BC557. Kazi zinafanya ileile, ila miguu imepangwa kinyume: ukiielekeza sura bapa kwako, ile ya mchoro inaanza na mguu uitwao emita kushoto, hii inaanza na ule uitwao kolekta. Karatasi haikusema neno. Nililehemu kama nilivyoelekezwa, nikatoka nje saa sita mchana, jua la kupasua kichwa, panzi kimya. Multimita, kile kipima umeme, ikawa inapanda mpaka volti 2 na ushei halafu inagoma pale, haipandi wala haishuki. Siku mbili nililala na hiyo kitu kichwani. Nikawaandikia wauzaji, wakajibu kwa kunishukuru kwa kuwa mteja wao.

Aliyeniokoa ni fundi redio mmoja Kariakoo. Alikivuta kile kidude karibu na miwani, hata multimita hakugusa.

"Mzee, hizi umezivalisha viatu kinyume."

Akazing'oa, akazigeuza, akalehemu, dakika tano. Nilipomuuliza bei akacheka, akasema nimwachie soda. Ila alinisema kuhusu mota: ya boksini ni nzito kuanza, akiba nyingi inaishia kwenye kuiamsha. Akafungua droo yake, imejaa mota za deki za kaseti na za CD zilizokufa. Ukizungusha shimoni (kile kijiti cha chuma kinachozunguka) ya mojawapo kwa vidole, inateleza kama imepakwa mafuta. Alinipa mbili kwa Sh 3,000.

Na hapo ndipo maoni yangu kuhusu boksi yalipobadilika. Panzi wa pili nilimuunda na mota ya kaseti, kapasita niliyoing'oa kwenye redio mbovu (chunga ule mstari wenye alama ya kutoa ubavuni, ndio upande wa hasi), kipaneli cha taa ya bustani iliyopasuka, na miguu ya waya wa shaba. Kwenye ncha ya shimoni nilivalisha kipande cha ganda la waya ili isiteleze kwenye sakafu. Huyu anaruka upana wa kiganja. Yule wa dukani hajawahi kumfikia.

Jambo lingine wasilokuambia: ndani ya nyumba hafanyi kazi. Picha kwenye boksi inamwonyesha juu ya meza ya ofisi, nami nilimweka chini ya taa ya sebuleni usiku kucha, hola. Taa ya kukonyeza yenyewe inavuja umeme kidogo kidogo, kwa hiyo mwanga ukiwa hafifu kinachoingia na kinachovuja vinalingana. Kuna saketi (mpangilio wa umeme) nyingine inayotumia kidude kiitwacho 1381, haili umeme sana, lakini kidude hicho Kariakoo nimekitafuta maduka manne sijakipata.

Nikipewa nyota tano nigawe, boksi hili nalipatia tatu: moja ya kipaneli, mbili za mchoro, kwa sababu saketi yenyewe ni sahihi hata kama karatasi imekosea transista. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi usinunue kabisa. Chukua kichwa cha mswaki, bandika juu yake mota ya mtetemo ya simu ya kitochi iliyokufa na betri ya saa, kitakimbia mezani kama mende aliyemwagiwa maji, na hakuna cha kulehemu ukipata mota yenye waya zake.

Panzi wa kaseti bado yuko barazani. Asubuhi jua likigusa ukingo wa sakafu anaanza taratibu, ruko moja kwa dakika nzima, na kufika saa tano anakuwa hatulii. Jumamosi iliyopita paka alimbeba mdomoni mpaka uani. Mguu mmoja umepinda, na tangu hapo anazunguka kushoto tu. Mpwa wangu amekataa nimnyooshe.