Mafunzo ya ushawishi kazini kwa wasio na cheo: nilivyoyaona Lubumbashi

Katika makampuni ya Lubumbashi yanayohudumia migodi, mratibu wa usafirishaji hana amri juu ya mtu yeyote, lakini kazi yake husimama hadi karani wa ghala atoe hati, mhasibu apitishe ankara, na wakala wa forodha wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, awasilishe tamko la mzigo. Kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu, nilijiandikisha kwa matumaini makubwa katika mafunzo ya jioni ya ushawishi kazini, yanayotolewa na kituo kimoja cha ushauri katikati ya jiji.

Nadharia ilielezwa kwa ufupi na kwa ufasaha. Mkufunzi alianza na wanasaikolojia John French na Bertram Raven, ambao mwaka 1959 walitaja vyanzo 5 vya nguvu ya mtu juu ya mwenzake: adhabu, tuzo, cheo, ujuzi, na heshima inayowafanya wengine watake kufanana naye. Baadaye Raven aliongeza cha sita, yaani taarifa.

Sehemu iliyostahili ada yote ni zoezi lililofuata. Kila mmoja alimchagua mfanyakazi mwenzake anayemchelewesha, kisha akaandika jambo ambalo mtu huyo huulizwa na shefu wake, linalomtia hofu, na linalompunguzia mzigo. Nilimchagua mhasibu wetu, nikatambua kwamba hupimwa kwa kufunga hesabu za mwezi bila hati yenye kasoro. Tangu hapo humpelekea ankara mapema, zikiwa na mihuri yote na zimepangwa kwa utaratibu anaoutumia yeye, na hazirudi tena mezani kwangu. Mkufunzi alisisitiza pia kwamba ombi litangulie kwa mazungumzo ya ana kwa ana, kwa sababu katika ofisi zetu barua yenye nakala kwa mkubwa husomwa kama mashtaka, hata iandikwe kwa adabu namna gani.

Palipopungua ni kwenye suala la kutendeana wema. Ni kweli kwamba mtu aliyesaidiwa huona ana deni, na mwanasosholojia Alvin Gouldner aliliandikia makala mwaka 1960. Lakini kutufundisha tutangulize fadhila bila kutuonyesha mpaka kati yake na matabishi, yaani hongo, ni upungufu mkubwa katika nchi yetu. Mshiriki mmoja anayeshughulikia forodha aliuliza waziwazi, akajibiwa tu kwamba atumie busara. Naona jibu lilikuwepo: taarifa, muda au hati iliyoandaliwa vizuri ni msaada unaoweza kutajwa mbele ya mashefu wa pande zote mbili, ilhali fedha inayoingia mfukoni mwa mtu ili atimize wajibu anaolipiwa mshahara haiwezi kutajwa hivyo. Somo hilo lilihitaji jioni nzima.

Suala la umri nalo liliguswa kijuujuu, ingawa kijana mwenye shahada anayemwomba jambo mzee wa ghala hukutana nalo kila siku. Vitini vyote vilikuwa kwa Kifaransa, na mafundi waliokuwa kimya ukumbini walizungumza kwa kina mara tu vikundi vilipohamia Kiswahili.

Nawashauri waratibu, makarani wakuu na wasimamizi wa miradi wayahudhurie, na mwenye kazi za mpakani adai mapema kwamba suala la matabishi liwekwe kwenye ratiba.