Faiba ya PPPoE ofisini Mafiati: kasi ipo, ila barua zenye viambatisho zinakwama

Nina miezi mitatu na laini hii hapa Mafiati, Mbeya, ikihudumia seva yetu wenyewe ya barua pepe, inayotumia programu ya Postfix. Kwa kushusha mafaili sina neno. Kazi iko kwenye kupandisha. Ujumbe wa mistari miwili unafika Dar papo hapo. Ukiambatisha ankara ya PDF, unalala kwenye foleni na logi inaandika “timed out while sending message body”.

Hilo “body” lisome vizuri. Porti 25, mlango wa barua pepe kati ya seva, ingekuwa imefungwa, ungeona “Connection timed out” tangu mwanzo, kabla seva hazijasalimiana. Hapa zimeshasalimiana na mpokeaji amekubaliwa, ndipo pakiti kubwa (vipande vya data) zinapotelea njiani.

PPPoE, njia ambayo ruta inatumia kuingia kwa mtoa huduma, inakula baiti 8 za kila pakiti, hivyo kikomo cha baiti 1500 kinabaki 1492. Seva haina habari, inatuma za 1500 zenye alama ya kutokatwa. Ruta ilipaswa kuijibu kwa ICMP (ujumbe wa taarifa za mtandao) kwamba zimezidi, lakini hii tuliyoletewa pamoja na laini ilikuwa inazitupa taarifa hizo kimya kimya, huku ping ya kawaida ikipita. Ndiyo maana fundi akipima anakwambia mtandao uko safi.

Pima hivi kutoka kwenye seva: ping -M do -s 1464, kisha 1472, kwenda anwani yoyote ya nje inayojibu ping. Ongeza baiti 28 za vichwa upate 1492 na 1500. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikawa kimya bila hata onyo la “Frag needed”, umemkamata mwizi.

Dawa iko kwenye ruta. Kama ni ya Linux:

iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu

Amri hii inapunguza MSS, yaani kiasi cha juu cha data katika pakiti moja, ili itoshe njiani. Ruta nyingine zina sehemu ya kujaza MSS, weka 1452. Ruhusu pia ICMP aina ya 3, kodi 4, ndiyo ile taarifa ya pakiti kuzidi. Kisha, kwenye seva, endesha postqueue -f ijaribu kutuma tena, uangalie foleni ikimwagika. Amri hiyo ya iptables haijihifadhi yenyewe: umeme ukikatika usiku, asubuhi ruta imeshasahau na ankara zimelala tena. Iweke kwenye faili inayosomwa ruta ikiwaka.

Usihangaike kuongeza smtp_data_xfer_timeout, muda ambao Postfix inasubiri wakati wa kutuma, zaidi ya sekunde 180 za kawaida. Utasubiri zaidi, pakiti ni zilezile. Huduma kwa wateja nao wana jibu moja tu, zima uwashe. Ukiona kusubiri sekunde 30 mwanzoni kabisa mwa muunganisho, hilo ni jambo jingine, mara nyingi IPv6 (mfumo mpya wa anwani za intaneti) isiyo na njia ya kutoka: kwenye mipangilio ya Postfix weka inet_protocols = ipv4, usimamishe Postfix na kuiwasha upya, maana reload haitoshi.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne wataipata siku ruta zao zitakapokuja na 1452 tayari.